Chumvi katika Bonde la Mwanakwe

Katika Bonde la Mwanakwe, mwendo mfupi kutoka Chokocho, palikuwa na kipande cha ardhi ambacho mtu akikwambia ni chako, amekutukana. Kilikuwa mwisho kabisa wa bonde, pale mpunga unapokoma na mikoko haijaanza. Kilikuwa kimeota ukangaga mrefu kuliko mtu, majani yake makali kama wembe, chini yake tope jeusi lenye vyura na kambare. Upana wake hatua mia, labda na ishirini. Maji matamu yaliyoteremka kutoka vilimani yalikuja kulala humo, na maji ya bahari yaliyopanda na hori, ule mkono wa bahari, yalikuja kukomea humo. Yakikutana yakizuiana. Kwa sababu ya kuzuiana kwao, wanawake wa bonde walikula wali.

Mwatum binti Jecha alizaliwa nyumba ya tatu ukipanda kutoka bondeni, mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Vita vya Mjerumani vilipokwisha alikuwa ameshaolewa na amebeba mtoto mgongoni. Mama yake, Bi Siti, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miguu mipana, na miguu hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane, maana nyumba yao ndiyo iliyokuwa ikitangulia siku ya kuziba.

Siku ya kuziba ilikuwa mara moja kwa mwaka, kaskazi ikishika na ardhi ya juu ikianza kupasuka, kabla watu hawajaanza kuburuga tope la mpunga. Kila mwanamke mwenye kipande cha mpunga Mwanakwe alishuka na jembe lake na pakacha lake. Walikuwa thelathini, miaka mingine zaidi. Hatari haikuwa bahari yenyewe, ilikuwa kaa. Kaa huchimba mashimo yake chini ya ukangaga, shimo likakutana na shimo jingine, mwisho ikawa njia, na bamvua la Machi, maji makuu ya mwaka, likija, maji ya chumvi hupita humo kimyakimya mpaka kwenye mpunga. Kwa hiyo Bi Siti alitangulia bila viatu, na fito mkononi, akikanyaga polepole. Kisigino kikizama na maji yakapanda, alichovya kidole akaonja. Akiwa hakusema kitu, wanapita. Akisema, "Hapa," wanawake wanamwaga udongo wa mfinyanzi, wanaukanyaga kwa miguu huku wakisutana na kuchekana, mpaka pagumu. Adhuhuri wanakula pamoja wali wa nazi. Aliyekosa kuja bila ugonjwa, nazi za mwaka unaofuata zilikuwa juu yake, na maneno vilevile.

Hakuna aliyelima pale. Na hakuna aliyesema pale ni pake, hata nyumba ya Bi Siti ambayo bibi zao ndio waliolifungua bonde lile likiwa msitu. Kusema vile kulikuwa kukosa adabu, kama mtu asimame asubuhi aseme kisima cha msikiti ni chake. Mtoto akiuliza, "Mama, ule ukangaga wetu?" alipigwa kibao cha mdomo.

Bi Siti alikufa mwaka wa thelathini na moja. Mwaka huohuo mume wa Mwatum, Silima, alianguka kutoka juu ya mkarafuu katika shamba la watu, akaishi siku mbili. Binti yake wa pekee, Khairiya, alikuwa ameolewa mbali, Konde, na kuonana kwao kulikuwa kwa Idi. Walikuja wanaume kumposa Mwatum. Mmoja alikuwa na mikarafuu sitini na punda. Mwatum alimjibu kwa mdomo wa mjumbe kwamba jembe lake linamtosha. Alikuwa na vipande vinne vya mpunga alivyoachiwa na mama yake, na mbegu ya kibawa, mpunga mrefu wa maganda mekundu, usioogopa maji na usio na haraka. Aliuvuna kwa kisu kidogo, shuke kwa shuke, hivyo hivyo kama walivyovuna wa kale, na mbegu aliichagua kwa mkono wake mwenyewe, akiikataa hata mbegu ya shangazi yake. Watu walimwona ana maringo. Alikuwa nayo. Alitembea wima, kanga yake haikuwahi kuonekana na tope hata alipotoka topeni, na kila kaskazi alitangulia na fito, wanawake thelathini nyuma yake.

Kisha vikaja vita vingine. Mjapani alipoichukua Burma, mchele wa Rangoon ukakoma madukani. Tayabali, mwenye duka Mkoani, aliwaonyesha watu magunia matupu kwa mikono miwili akasema meli haiji, na yeye mwenyewe nyumbani kwake anakula unga wa njano wa mahindi kama wao. Watu walisimama foleni kwa ule unga. Wazee uliwasokota matumbo.

Hapo ndipo Bwana Shamba alipofika Mwanakwe. Alikuwa Mwingereza kijana, magoti mekundu kwa jua, amefuatana na karani kutoka Unguja, mtu wa Kiswahili cha mjini ambaye kila neno alilolitoa lilikuwa limepigwa pasi. Wakalipima bonde siku nzima kwa mnyororo. Bwana Shamba aliingia katika ukangaga na buti zake, akatoka na matope mpaka kiunoni, akicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekuja na kipimo.

Siku ya pili watu wakaitwa barazani kwa Sheha Kificho. Karani akaeleza. Serikali inataka kila bonde litoe mpunga zaidi. Mwanakwe ina ardhi nzuri inayolala bure, imejaa ukangaga na mbu. Utachimbwa mfereji mmoja ulionyooka kutoka katikati ya bonde mpaka horini, maji yaliyosimama yatoke. Ukangaga utang'olewa na mikoko ya mbele yake itakatwa, maana boriti nazo zinatakiwa. Vitapatikana vipande kumi vipya vya mpunga. Na itakuja mbegu mpya, mpunga mfupi, wa miezi mitatu tu. Wanaume walitikisa vichwa kwa kuridhika. Wanawake walikuwa wamekaa nyuma, mkekani.

Bwana Shamba akasema kitu, karani akakigeuza. Anataka kujua ule ukangaga ni wa nani, asije akamdhulumu mtu.

Karani akaanza kuuliza mmoja mmoja, kalamu mkononi. Akaanza na Moza, wifi yake Mwatum, mke wa Shaame ndugu yake mdogo. Moza akajifunika mdomo kwa kanga, akasema si wake. Wa pili akasema si wake. Wa tatu akaona aibu hata kuulizwa. Ikaenda hivyo mkekani, mwanamke baada ya mwanamke, mpaka Sheha Kificho akasema wasipoteze wakati, wamuulize Bi Mwatum, ndiye ajuaye mambo ya pale.

Karani akamgeukia kwa heshima. "Bibi, ni wako?"

Mwatum akainyoosha kanga yake. Alihisi macho yote yako kwake, na alijua yanangoja nini. Yanangoja kuona kama kipande cha watu wote, mbele ya wageni, atakitia mfukoni. Akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

"Audhubillahi. Si wangu, bwana. Si wa mtu."

Karani akaandika. Bwana Shamba akatabasamu kama mtu aliyeondolewa mzigo. Na Mwatum akarudi nyumbani siku ile moyo umemjaa, kwa namna alivyojibu. Njiani Moza alimwambia, "Wifi, leo umetupa heshima." Alilala nayo maneno hayo.

Juma la pili ikaja karatasi. Sheha aliisoma kwa shida, akairudia. Ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali, na kazi itaanza Jumatatu. Nyapara wa kazi alichaguliwa Shaame bin Jecha, kwa sababu anajua kusoma na ni mwenyeji. Mwatum alivaa, akatoka, akamfuata ndugu yake nyumbani kwake. Alimkuta anatia mpini kwenye sururu mpya ya serikali.

"Shaame, weye unajua kitu gani kinafanya kazi pale chini."

"Najua, dada. Ukangaga unaozaa mbu."

"Mama alikubeba mgongoni siku za kuziba. Miguu yako imekanyaga ule udongo kabla hujajua kusema."

"Mama hakuwa na vita." Shaame hakuinua uso. "Watoto wangu wanakula unga wa kuku, dada. Watu hawa wana vyombo, wamepima. Sisi tulikuwa tunaonja kwa kidole."

"Na kidole kilikosea lini?"

"Sasa mie nikafanye nini?"

"Kawaambie wauache."

Hapo ndipo alipomtazama. "Niwaambie nani amekataza? Mwenyewe nani? Uliulizwa mbele ya watu wote, nami nilikuwepo. Ulisema si wako, si wa mtu. Leo wakataza kwa lipi?"

Mwatum akageuka kutoka mlangoni. Moza alikuwa ndani, anasikia, hakutoka. Tangu siku ile Mwatum na ndugu yake walisalimiana kama majirani, neno moja kwenda na neno moja kurudi.

Ukangaga ulikatwa kwa siku nane. Ulipokauka ukachomwa, ukawaka siku tatu, moshi wake mzito ukaingia mpaka kwenye nguo zilizokuwa sandukuni. Tope lilipofunuka kambare wakawa wanapapatika hadharani, watu wakawaokota kwa mapakacha, wakawala mpaka wakakinai, wakasema kheri imeshaanza. Vyura walihama kwa makundi kuelekea juu, wakaingia majumbani, watoto wakawapiga fimbo. Kisha mikoko ikaanguka, mti baada ya mti, na kwa mara ya kwanza mtu aliyesimama katika vipande vya Mwatum aliliona hori kwa macho yake, liking'ara. Watu walisema bonde limepata uso. Mfereji ulipochimbwa ulikuwa kama uliochorwa kwa rula. Mwisho wake wakaujengea tuta na mlango wa mbao, wa kufunga maji ya bahari yakipanda na kufungua yakishuka, na mtu mmoja akawekwa na serikali kuufunga na kuufungua.

Kaskazi ilipofika Mwatum alipeleka habari ya siku ya kuziba, kama kawaida. Walikuja sita. Wengine walituma salamu kwamba sasa kuna mlango. Karani mwenyewe alikuwa amesema, bibi zangu, pumzikeni, miguu yenu imefanya kazi ya kutosha.

Na mwaka ule, lazima isemwe, mpunga ulikubali. Mvua za masika zilianguka vizuri. Mpunga mfupi ulitoka ardhini kwa haraka kama uliokuwa unafukuzwa. Haukuvunika kwa kisu, mashuke yake yalikuwa chini magotini, ikabidi wakate kwa mundu huku migongo imepinda. Lakini ulijaza magunia, na kabla kibawa cha Mwatum hakijapasua mashuke, wenzake walikuwa wanapika. Kila nyumba ilinukia wali. Kisimani walimtania. Mmoja alimuuliza kaa wake hawajambo, wanamsalimu. Mwingine akasema Bi Mwatum mpunga wake umekwenda kuhiji, ukirudi utaitwa Hajjat. Moza alicheka zaidi yao wote, akamwambia, "Wifi yangu, kumbe ulitaka tule ukangaga?" Mwatum aliteka maji yake, akajitwika mtungi, akapanda. Hakumwaga hata tone.

Lakini kila Ijumaa alishuka mpaka mferejini, akachovya kidole. Mwezi wa saba alichovya karibu na mlango, chumvi. Ilikuwa si ajabu. Mwezi wa tisa alichovya nusu ya mfereji, chumvi. Mbao za mlango zilikuwa zimeshatobolewa na wadudu wa baharini, vitundu kama vya chungio. Yule mtu wa kufunga na kufungua alikuwa amehamishiwa bandarini, na mlango ulibaki wazi nusu, kama mdomo wa mtu aliyesinzia. Alimwambia Shaame. Shaame akajibu kwamba mfereji si chungu cha mchuzi, wa kuonjwaonjwa. Bwana Shamba alipopita alimwambia na yeye, kwa kinywa cha karani. Kijana yule, kwa adabu, akachutama akachovya kidole chake kama alivyofanya mwanamke, akaonja, akatema. Akasema ni kidogo, mvua itaosha. Akaandika katika kitabu chake kuhusu mbao. Mbao hazikuja. Yeye mwenyewe alihamishwa bara mwisho wa mwaka.

Bamvua la Machi, mwaka wa arubaini na nne, lilikuja asubuhi ya jua kali, bila upepo. Mpunga ulikuwa na urefu wa shubiri. Mwatum alikuwa kipandeni kwake anang'oa magugu, akasikia maji yanatiririka, akainua kichwa kutazama juu, upande wa vilima, maana miaka yote maji ya bonde lile yalitoka juu. Juu palikuwa pakavu. Yalikuwa yanakuja kutoka chini. Yalipanda na mfereji moja kwa moja, bila haraka, kama mgeni aliyeonyeshwa njia, yakapita pale yalipokuwa yakikomea zamani, yakapita vile vipande kumi vipya, yakatandaa. Kaa walikuwa mbele yake, wanakimbia upandeupande baina ya miche. Maji yalikaa mpaka adhuhuri, yakashuka. Kesho yake yakarudi. Kesho kutwa yakarudi.

Siku ya saba mpunga ukageuka rangi ya shaba. Kisha ncha zikajikunja, kisha ukalala. Ule mfupi ulikufa wote. Kibawa cha Mwatum, kwa kuwa vipande vyake vilikuwa juu kidogo, kilijikokota, kikatoa mashuke marefu mazuri ya kumdanganya mtu kwa mbali. Alipoyafikicha mkononi yalikuwa mapepe, maganda matupu. Akapuliza, yote yakaruka. Ardhi ilipokauka ilifanya weupe juu yake, mtu akipita anaacha nyayo kama kwenye unga.

Hakuna aliyekuja kumwambia, Bi Mwatum, ulisema. Yeye hakungoja hilo, au alijiambia hangoji. Alichokisikia, na alikisikia kisimani kutoka nyuma ya mgongo wake, ni kwamba mtu akikaa mwaka mzima anangojea wenzake waharibikiwe, Mungu humsikia. Kijicho, walisema. Anashuka kila Ijumaa, anaingiza kidole majini, anasoma nini? Shaame alisema ni mvua, mvua zilichelewa, na kwamba wanawake wa Mwanakwe walizoea kubebwa.

Masika yaliyofuata yalikuwa haba, hayakuosha kitu. Nusu ya watu wakaliacha bonde, wakapanda vilimani kuomba sehemu za kulima mihogo chini ya mikarafuu ya watu. Udongo wa vilima, ukishalimwa, mvua moja tu inaushusha. Ulishuka mwekundu, ukajaza sehemu ya juu ya bonde kama tope la matofali. Bonde likawa linakufa kwa kichwa na kwa miguu. Katikati palikuwa pamebaki vipande vichache vilivyokuwa bado vikitoa kidogo, vinne kati yake vya Mwatum, na kila bamvua lilikata hatua mbili tatu. Alihesabu. Kama mfereji hautazibwa na ukangaga ukarudishwa, alikuwa na mwaka mmoja, au miwili.

Akaenda Mkoani kwa miguu, alfajiri, amevaa kanga mpya. Bwana Shamba mpya hakuwepo, lakini karani alikuwepo, yuleyule. Alimpa kiti. Mwatum alieleza anataka nini, na si kikubwa. Serikali iuzibe mfereji, wanawake wapande ukangaga kama ulivyokuwa. Karani akafungua kabati, akatafuta, akatoa faili, akamsomea. Ardhi ya mwisho wa Bonde la Mwanakwe, haina mwenyewe. Wameulizwa wakulima wote. Mwatum binti Jecha, mkubwa wa bonde, ameulizwa, amekana.

"Amekana," Mwatum akasema.

"Ndivyo nilivyoandika, bibi. Ndivyo ulivyosema." Karani hakufurahi kuisoma. Alikuwa mtu mpole. Alimweleza kwamba afisi haiwezi kuuziba mfereji wa serikali kwa ombi la mtu asiye na haki pale. Lakini angetokea mwenyewe, mbele ya Sheha na mashahidi, akadai ardhi yake, bwana huyu mpya angeirudisha kwa furaha, maana mfereji ule unamtia aibu kwa wakubwa wake. "Uje barazani, useme neno moja tu. Mie nitaandika."

Neno moja. Mwatum alikaa nalo siku kumi na mbili. Alifikiri kumwendea kila mwanamke nyumba kwa nyumba kumweleza, kwamba atasema vile lakini hakusudii vile. Maringo yakamzuia. Hawa ndio waliomwita mwenye kijicho, awapigie magoti awaeleze nia yake? Watajua. Wamekula naye wali miaka ishirini siku ya kuziba, watajua.

Baraza likakaa. Wanawake wakakaa mkekani palepale. Karani akauliza ule ukangaga uliokatwa ulikuwa wa nani.

"Wangu," Mwatum akasema.

Karani akamuuliza kwa njia gani, akajibu kwamba ulikuwa wa mama yake, na wa mamake mama yake aliyelifungua bonde. Na katika hayo hakusema uongo hata neno. Sheha Kificho akashuhudia kwamba bibi zake Mwatum ndio waliolifungua. Mwatum akachovya kidole gumba katika wino, akakibandika. Alipoinuka, wanawake wa mstari wa kwanza walivuta miguu yao apite, kama apitapo mtu wasiyemjua.

Serikali iliirudisha ardhi kwa barua. Barua ilisema pia kwamba mfereji na tuta, kwa kuwa sasa viko katika ardhi ya mtu, vitatunzwa na mwenyewe.

Kaskazi ya arubaini na sita Mwatum akapeleka habari ya siku ya kuziba. Alipika tangu usiku, mchele wa mwisho wa kibawa aliokuwa nao, ukiacha mbegu. Akakuna nazi saba. Akashuka na jembe, pakacha na fito, akasimama pale ukangaga ulipokuwa. Jua likapanda. Hakutokea mtu. Karibu na adhuhuri akamwona Moza anashuka, akashukuru Mungu. Kisha akaona kwamba hana jembe, na kanga yake ni ya kutokea.

Moza akasimama ukingoni, pakavu. "Wifi, nimetumwa. Wanauliza kazi hii ni ya siku ngapi, na wao watapata nini."

"Watapata nini? Watapata bonde. Mbona miaka yote hawakuuliza?"

"Miaka yote haukuwa wako."

Mwatum aliegemea jembe. "Moza, nilisema vile niuokoe. Weye wanijua."

"Mie nakujua. Lakini tulikuwepo, wifi, tulisikia. Hukusema wetu. Neno lilikuwepo, ungeweza kulisema. Ulisema wangu, na wa mama yangu." Moza alitazama chungu cha wali kilichofunikwa kawa, akayaondoa macho. "Mama yangu naye alikanyaga hapa. Mpaka anakufa alikuwa na ufa wa kisigino wa hapa."

Akageuka akapanda. Mwatum akashika jembe.

Aliifanya kazi peke yake. Siku arubaini, udongo kutoka juu, pakacha kwa pakacha, akiumwaga katika mdomo wa mfereji na kuukanyaga kwa miguu miwili mahali palipotaka miguu sitini. Alichimbua vishina vya ukangaga alivyovikuta katika bonde jingine, akavipanda kwa safu. Shaame alimwona kwa mbali akipita njia ya Chokocho. Alisimama, akawasha sigara, akaivuta yote, akaenda zake. Tuta lilifika urefu wa kiuno. Bamvua la Machi lililichukua asubuhi moja, na vile vishina vikaonekana jioni vinaelea horini, mizizi juu.

Mwaka uliofuata vipande vyake vinne vilikufa, kimoja baada ya kingine. Alizipanda mbegu zote alizobaki nazo, hata za akiba, jambo ambalo mama yake asingelifanya, kwa kuwa hapakuwa na mwaka mwingine wa kuziwekea. Zikatoka mapepe. Akapanda kilimani kama wenzake, akapewa pembe ya shamba la karafuu, akalima mihogo.

Chumvi ilikuwa haba madukani miaka ile baada ya vita. Mtu mmoja akagundua kwamba ule weupe wa Bonde la Mwanakwe, ukikwanguliwa na kuchujwa kwa maji na maji yale yakachemshwa, hutoa chumvi safi. Siku moja wanawake wakaja nyumbani kwa Mwatum, wengi, kila mmoja na pakacha lake. Moza alikuwa mbele. Wakapiga hodi, wakaamkia, wakauliza hali. Walikuwa na adabu sana.

"Bi Mwatum," Moza akasema, wala hakusema wifi, "tumekuja kuomba ruhusa. Tunataka kukwangua udongo katika ardhi yako."

Mwatum alikuwa anamenya mihogo. Aliwatazama mmoja mmoja. Tangu siku ya baraza hakuwa amewaona wamekusanyika hivi, wamekamilika, na mapakacha.

"Kakwangueni," akasema. "Ipo ya kutosha."

Wakashukuru. Na kwa kuwa ni watu waliolelewa, kila walipochemsha walimletea fungu lake, kibaba kimoja, kimefungwa katika jani la mgomba. Haki ya mwenyewe, walisema, wakakiweka kizingitini. Mwatum alipokea kila fungu kwa mikono miwili, akaliweka darini juu ya jiko. Hakutia chunguni hata punje. Miaka miwili iliyombakia duniani alikula mihogo yake chapwa.